Salamu za Saa Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mapazia sita leo, yote ya mteja mmoja wa Kilimani anayebadilisha rangi kila akikasirika. Mgongo unauma. Saa saba Barasa, fundi suti tunayegawana chumba cha kushonea hapa mjini, alienda kula akaacha redio yake ikiongea Kibukusu. Nikatoa daftari. Kipindi cha salamu ndicho mwalimu wangu. Mtangazaji anasoma polepole, kinanda kinalia nyuma, na kila kitu anakirudia: mtoto wa fulani, mume wa fulani, baba wa fulani. Tayari nina maneno matatu: shemeji, mjukuu na mkwe. Mkamba gani mwingine ana hayo yote kwa mwezi mmoja?

Wazazi wa Wafula, mchumba wangu Mbukusu, wanafika Ijumaa. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Wafula ameniambia ukweli: mama yake hataki mke wa mwanawe awe wa kutafutiwa mkalimani. Msichana aliyenitangulia alikaa kwao siku mbili akitabasamu tu, mambo yakaishia hapo. Mama asiponikubali Jumamosi, hakuna safari ya posa kwetu Kitui, na bila safari hiyo baba yangu hamtambui Wafula. Miaka mitatu yetu inategemea chai moja. Tena Mzee, baba yake Wafula, alilazwa Januari kwa ajili ya moyo, hatakiwi kushtuliwa.

Wafula alijitolea kunifunza. Nilikataa. Nataka hata yeye ashangae. Kiburi changu kitanimaliza siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Nitamtambulisha Mzee mbele ya wote, vile wanavyofanya redioni. Majina ya jamaa nimeyachota kwa Wafula kidogo kidogo bila yeye kushtuka.

Ijumaa, 7 Machi

Wamefika salama. Neno la mjukuu nimelisahau mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa Waithaka, nyumbani kwa Wafula. Chai ikamiminwa, Mama akaniangalia. Nikasimama. Nilisema yote bila kukwama: jina la Mzee, kijiji chake, marehemu baba yake, mume wa Mama, baba wa Wafula na Simiyu, shemeji wa nani, mkwe wa nani. Nikafunga na ile sentensi yao ya mwisho, habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Matamshi safi kabisa. Nikangoja makofi.

Mama aliweka kikombe chini, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaingia chumbani. Tukamsikia analia. Mzee alibaki ananitazama, andazi mkononi. Wafula akanivuta jikoni.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Kwa redio ya Barasa. Kipindi ya salamu."

"Hiyo si salamu, Mwende. Ni matangazo ya vifo. Umetangaza mzee yangu na ameketi tu hapo anakula andazi."

Kile kinanda. Mwezi mzima nimekula chakula cha mchana na marehemu nikidhani watu wanasalimiana.

Nilipanda boda hadi kwangu Jamhuri bila kuaga.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Simu nimeizima. Mzee akipatwa na lolote, hata mafua, ni mimi. Najichukia.

Jumatatu, 10 Machi

Barasa alicheka hadi akafuta machozi. Nilipomwambia kuhusu moyo wa Mzee, akaacha ghafla. Akasema maneno yale hasomewi mtu anayepumua. Wafula naye kanieleza kwamba Mama hataki kusikia jina langu. Safari ya Kitui basi. Nimeshona pazia moja, nikalifumua.

Jumanne, 11 Machi

Mzee mwenyewe alipiga, kwa simu ya Wafula. Nilidhani ni kuniaga. Kiswahili chake ni cha mwalimu mstaafu, hakina haraka. Akasema nilisoma vizuri, ila kuna mtoto nilimruka. Nanjala, kifungua mimba wao. Alifariki akiwa na miaka minne, kabla Wafula hajazaliwa, na nyumbani kwao hatajwi. "Siku yangu ikifika, nataka atajwe," akasema. Kisha akaniomba nirudie yote, Nanjala akiwemo. Nilikataa mara mbili. Hakukata simu.

Nikatoka nje kwenye ngazi, nikarudia. Jina, kijiji, marehemu baba yake, mume wa Mama. Kwenye watoto nikaanza na Nanjala. Upande wa pili nikasikia kiti kinasogezwa. Nikaishia hapo, nikaketi kwenye ngazi.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Mama. Alisema kwa Kibukusu, neno moja moja ili nielewe: "Endelea, mtoto wangu." Nikaendelea, Wafula, halafu Simiyu.