Kipande cha Juliet

Kiyeyi, Tororo
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Carol,

Mihogo imekauka vizuri, na Emmy alivuka mpaka wa Malaba Jumanne kwenda kuiuza. Sukari uliyotuma imefika.

Mzee Osire wa ukoo alikuja tena. Anataka kile kipande cha uvimbe ambacho Juliet wangu aliiachia maabara yenu Nairobi kirudishwe, kizikwe kando yake.

"Mama Juliet, mtu hazikwi nusu," alisema. "Au nusu nyingine mmeituma Nairobi ikatafute kazi?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tumzike.

Nilimweleza kama ulivyonieleza kwenye simu: seli za saratani zikilazwa kwenye plastiki ngumu huwa na tabia moja, na zikiwekwa ndani ya ute laini unaofanana na nyama ya mwili hubadilika, kwa hiyo dawa iliyojaribiwa kwenye plastiki peke yake inaweza kuwadanganya ninyi watafiti. Alielewa upesi. Alisema hata viazi vya mbegu moja havizai sawa kwenye changarawe na bondeni. Kisha akaniachia mimi niamue.

Nimeamua kibaki. Juliet alikitoa mwenyewe.

Ila nina ombi. Mkimaliza kazi ya plastiki, seli zitakazobaki mzilaze kwenye ule ute laini. Unakumbuka mkiwa wadogo, kwenu Busia, Juliet alivyokuwa akilia akitandikiwa sakafuni, mpaka ukampa nusu ya godoro lako.

Shangazi yako,
Nereah