Sili ya Kulia

Jumatatu, 3 Mei 1954

Mvua tena. Trekta limerudi kutoka bondeni, gurudumu la nyuma la kulia linadondosha oili – nyeusi, imechanganyika na tope. Nikafungua. Loo! Breki imelowa chapachapa. Sili za ekseli zimekwisha, zote mbili. Vijipete tu, lakini ndivyo vinavyozuia oili isiingie kwenye breki.

Dereva wetu Kasiani anasema wiki iliyopita, pale mteremko wa Mbagala kushukia daraja la Mtoni, alikanyaga breki mpaka mwisho, trekta likaendelea na safari yake. Anacheka! Mie sikucheka. Kila Jumamosi tela linabeba wanawake wa shamba na mihogo yao kwenda sokoni. Mke wangu Jovina humo humo, mtoto mgongoni.

Jumatano, 5 Mei

Sili mpya zimefika. Mbili tu, stoo haina nyingine.

Mzee Gaspar kaniachia kazi yote. Ndiye fundi mkuu hapa, ndiye aliyenishikisha spana ya kwanza, halafu ndiye baba yake Jovina. Kwa hiyo mbele yake mie ni "ndiyo, baba", basi. Siku hizi mikono yake inatetemeka, hasa asubuhi. Hatulisemi hilo.

Sheria yake ni moja: rudisha kama ulivyokuta. Ndiyo maana nachora kila kitu humu kabla sijang'oa. Leo kushoto. Sili imeingia vizuri sana, nikapiga na mluzi.

Alhamisi, 6 Mei

Kulia. Nati zina kutu, mvua shingoni, mgongo wangu jamani! Nimechora, nimeng'oa, nimerudisha kama nilivyokuta.

Bwana mwenye shamba kapita na mwavuli. "Wewe! Tayari?" Miaka mitatu jina langu ni Wewe. Nikasema tayari.

Ijumaa, 7 Mei

Mungu wangu.

Mchana baada ya kula nikafungua daftari hili kujisifu tu, nitazame michoro yangu. Sili ina ukingo mwembamba, tunauita mdomo. Kushoto mdomo unaangalia ndani, kwenye oili. Kulia unaangalia nje. Nje! Nimegeuza kurasa hizi mara kumi. Mdomo ukiangalia nje hauzuii kitu. Ilifungwa kinyume toka zamani, na mie nimeirudisha vilevile kinyume, kwa adabu zangu zote.

Na mwaka jana aliifunga nani? Mzee mwenyewe.

Nilimwendea. Shikamoo baba. Marahaba. Nikasema labda ile ya kulia tuitazame tena. Akataka kujua kwa nini. Nikasema labda imegeuka. Akauliza, taratibu kabisa: nani kaigeuza? Nikatazama viatu vyangu. Akasema yeye alikuwa akifunga magari wakati mie nachezea matope Bukoba, na kesho trekta litakwenda. Akaondoka zake.

Jovina nimemwambia kesho asipande tela. Kwa nini? Nikasingizia mvua. Akanicheka – mvua leo ndiyo umeiona? Nimwambie nini, baba yako kakosea? Sithubutu. Na nikinyamaza, je? Yeye na mtoto, mteremko ule, utelezi ule!

Naogopa. Kesho nitawahi nikaling'oe lile gurudumu mwenyewe. Waniite mwendawazimu, potelea mbali.

Jumamosi, 8 Mei

Nilifika saa kumi na mbili kasorobo. Gurudumu limeshatoka! Mzee kakaa kwenye tope, peke yake, bisibisi mkononi. Alikuwa anajaribu kuitoa sili aigeuze. Kwa mikono yake ile! Imepasuka. Na nyingine hakuna.

Hakunitazama usoni. Kaniuliza kama daftari ninalo. Nikasema ninalo, baba. "Zile karatasi ulizochora. Nipe." Nikachana zote mbili, kushoto na kulia. Akazikunja, akazitia mfukoni, akaenda ofisini bila hata kunawa.

Sasa saa moja na nusu. Naandika nimekaa juu ya gurudumu. Wanawake wanashusha vikapu, wananisema – fundi gani huyu, mihogo itaoza. Jovina kasimama mbele yangu, "Gozbert, umefanya nini?" Kageuka kautazama mlango wa ofisi, kamwona baba yake dirishani, kofia kashika mkononi. Hajaniuliza tena.

Atamwonyesha Bwana karatasi? Au keshazichana? Atasema sili kaipasua nani?

Sauti ya Bwana imepanda. Sasa imeshuka.

Mlango umefunguka. Bwana anaita, karatasi zangu mkononi. "Gozbert!" Kaita tena, "Gozbert!"

Bwana halijui jina langu. Kaambiwa sasa hivi.