Fukusi Aliyetoka Kwenye Odowa Zako

Kwa dada yangu Nafula, popote ulipo ng'ambo ya Mto Suam, upande wa Uganda,

Barua ya ndugu huanza kwa kuulizana hali, lakini mimi sina uso wa kukuuliza hali. Simu zangu hupokei. Wanaotoka upande huo kuja soko la Kitale wanasema ukitajiwa jina langu unauliza bei ya vitunguu. Haya, nyamaza, ni haki yako. Nimeamua kukuandikia mbele ya watu kwa sababu nilikukana mbele ya watu.

Nianze na lile jiwe, kwa ajili ya wasiojua. Wewe ulikuwa unauza odowa pale Kitale, yale mawe laini ambayo wanawake wenye mimba huyatafuna wakiyatamani kuliko nyama. Ulikuwa unayachimba mwenyewe kwenye miteremko ya Mlima Elgon, unayaleta kwa gunia hadi kwetu Bungoma, unayapasua kwa nyundo nyuma ya jikoni, ndipo unayapeleka sokoni. Siku moja nimekuja kukutembelea, ukapasua jiwe, pakaanguka kipande cha rangi ya asali. Nikakwambia ni chupa ya bia, ukitupe kabla hakijamkata mteja ulimi.

Ukakifumba kiganjani. "Chupa ni baridi," ukasema. "Hii inashika joto. Na si wewe ndiye umesomea wadudu? Si uangalie, kuna mtu ndani."

Mtu ndani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe ilikuwa kaharabu, utomvu wa mti uliotiririka zamani za zamani, kabla hakujawa na binadamu, ukamfunika mdudu na kugeuka jiwe akiwa humo humo. Hakuzidi punje ya mtama. Mimi na shahada zangu nikatangaza kwamba ni nyigu. Wewe ukainama na kukodoa macho.

"Nyigu gani ana mdomo hivi? Huyu ni fukusi, bana. Wamenimalizia mahindi miaka yote, nisiwajue?"

Dada, ilinichukua mwaka mzima na hadubini kufika pale ulipofika ukiwa umechuchumaa na nyundo mkononi. Nilikisugua kipande kwa spiriti nione kama kitanata, maana utomvu ambao bado ni mchanga hunata. Hakikunata. Nikakipiga msasa kidogo kidogo, pumzi nimeibana, mpaka mdudu akaonekana ubavu mzima. Nikahesabu pingili za vipapasio, nikapima ule mdomo uliouona wewe, nikamlinganisha na kila fukusi aliyewahi kuandikwa. Hakufanana na yeyote. Alikuwa spishi mpya, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa, ukimwandika mdudu mpya lazima useme ana umbo gani, amehifadhiwa wapi, ameokotwa na nani na mahali gani. Nikaja kukuuliza mahali. Najua nilikuwa naomba kikubwa. Kila muuza odowa ana shimo lake na hamwonyeshi mtu. Wenzako walijaribu kukufuata, ukawazungusha mlimani mpaka wakachoka wakarudi. Lakini mimi hukuninyima.

"Nitakupeleka Jumamosi," ukasema. "Ila uje na gunia. Huko hatuendi kuangalia tu ati kama watalii. Utabeba kama mimi."

Nikaitikia sawa. Jumamosi ikafika, sikuja. Nikakupigia simu nikasema kuna mkutano. Mkutano gani? Nilikuwa nyumbani nimekaa kitandani na viatu vyangu. Nilikuwa nimejiona akilini nikishuka barabara ya mlimani na gunia mgongoni, nikutane na mtu tuliyesoma naye, aulize daktari wa wadudu amebeba nini. Niliona haya. Kuonea haya gunia, Dada, na ndilo lililonilea! Ukanipa Jumamosi nyingine, nikadanganya tena. Ya tatu hukuitaja.

Basi nikaandika kwamba niliokota mimi mwenyewe, katika korongo moja nje ya Kitale ambalo nimewahi kulipita mara moja tu. Na uongo una tamaa, ukiulisha leo kesho unadai tena. Nikampa mdudu jina la korongo lile. Jina la mdudu likishachapishwa halibadilishwi hata likiwa la uongo, ndiyo kanuni yetu. Fukusi wako atabeba milele jina la mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

Hayo pengine ungenisamehe. La ukumbini silo.

Siku ya kumwonyesha fukusi kwa watu katika ukumbi pale Kitale sikukualika. Ulisikia kwenye redio ya muuza viatu, jirani yako sokoni, ukafunga kibanda ukaja. Ulikuja na aproni yako yenye vumbi la odowa, na furaha tele usoni. Nilikuwa nimesimama na mkuu wangu wa kazi na wageni wawili. Ukapenya katikati ya watu, ukainamia kioo, ukapaza sauti, "Si ni huyu fukusi wangu!"

Watu wakacheka. Mkuu wangu akaniuliza, "Unamjua huyu mama?"

Nikasema, "Ni jirani yetu wa nyumbani."

Ulisikia. Uligeuka ukanitazama, wala si kwa hasira, hasira ningeishukuru. Mkuu akakusalimia kwa heshima, akakuuliza kama kweli tunatoka mahali pamoja. Ukajifuta mikono kwenye aproni.

"Eeh, ni jirani," ukamwambia. "Nimemjua akiwa mdogo. Mimi ndiye nilikuwa nambeba mgongoni mama yao akienda shamba."

Mama yao! Kisha ukanipa mkono, "Hongera, daktari," ukaenda zako. Nilikukana, nawe ukanisaidia kukukana ili nisiaibike. Naandika haya uso unawaka. Na unajua nilifanya nini ulipotoka? Nilibaki nikala sambusa. Nilikula mbili.

Wiki iliyofuata nilikuja sokoni, nikakuta kibanda chako kina mtu wa nyanya. Muuza viatu ndiye aliniambia umevuka Suam, umeenda kwa shemeji zako. "Kwani hukuambiwa?" akanishangaa. "Si wewe ni ndugu yake?" Yeye hakuwa na shida yoyote kulijua hilo.

Ningeweza kuendelea hivyo hivyo, mwoga mwenye jina. Lakini wenzangu wawili wa kazi walisoma nilichoandika, wakaenda kwenye lile korongo kutafuta kaharabu zaidi. Walichimba siku sita juani, wakapata makombe ya konokono. Waliporudi waliniuliza kwa upole kabisa kama nina hakika ya mahali. Nikatazama mikono yao, malengelenge matupu. Nikawaambia ukweli, nikamwambia na mkuu. Ananitazama vibaya tangu siku hiyo, na sijui kama kazi itanibakia. Wengine sasa wanasema pengine hata kaharabu yenyewe ni ya kununua. Siwezi kuwajibu, kwa sababu mahali ilipotoka mimi sipajui.

Labda hapa unasema, aha, ndiyo sababu ameandika, anataka shimo. Hapana, Dada. Wenzangu wananihimiza: muombe msamaha, atakuonyesha. Ndiyo maana sitakuuliza. Msamaha wa kuombea shimo ni wizi wa pili. Shimo ni lako. Usimwonyeshe mtu, hata mimi, hasa mimi. Fukusi akibaki peke yake bila mwenzake wa kumthibitisha, wakimtilia shaka mpaka nizeeke, ni malipo yangu, nitayameza.

Nilichoweza kufanya nimefanya. Nimetuma sahihisho lichapishwe mahali pale pale nilipodanganya. Jina halitabadilika, lakini kila atakayelisoma atasoma na haya yafuatayo. Kwenye sehemu ya mahali nimeandika kwamba mwandishi hapajui. Kwenye aliyeokota nimeandika jina lako lote, muuza odowa wa soko la Kitale, dada yake mwandishi. Kwenye aliyemtambua kuwa ni fukusi nimeandika huyo huyo.

Mhariri alilirudisha. Alisema kazi ni nzuri, ila maneno "dada yake mwandishi" hayana faida yoyote kwa sayansi, niyaondoe. Nikamjibu kwamba anasema kweli, hayana, lakini yakiondolewa, na jina langu liondolewe. Ameyaacha.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Nekesa