Bihogo Anataka Aitwe Jina

Jumamosi, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa umebaki ukungu na vilima vya Masisi havionekani tena. Nimejifunika blanketi langu begani kama bibi kizee, na goti bado linauma. Lakini moyo umetulia. Tangu nifike kwenye shule hii ya wasaidizi wa kilimo, leo ndiyo mara ya kwanza ninaandika hivyo.

Niseme ukweli kwanza. Naogopa ng'ombe.

Kwetu Itebero hakuna ng'ombe. Kuna msitu, kuna mashamba ya ndizi na muhogo, kuna mbuzi wanaolala chini ya paa la jikoni. Ng'ombe nilikuwa nimemwona kwenye picha ya darasani tu, na kwenye picha hapigi teke. Hapa wenzangu wengi wamekulia zizini. Wanapita katikati ya pembe zile ndefu huku wakipiga gumzo, mimi nazunguka nje ya ua.

Mwaka huu wa kwanza nimezoea mengi. Baridi nimeizoea nusu. Viazi vya kila siku nimevizoea. Hata Kifaransa cha Mbelgiji, mwalimu wetu wa mifugo, anayesema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, kimeanza kuniingia. Kukamua ndiko kulikonishinda. Na bila kukamua hakuna mwaka wa pili. Jumatatu kila mmoja atakamua mbele ya darasa zima, na atakayeshindwa atafunga virago arudi kwao.

Alhamisi nilipojaribu, ng'ombe anayeitwa Bihogo alinipiga teke la goti, ndoo ikaruka, nikakaa kwenye mavi. Na Bihogo ndiye mpole kuliko wote, watoto wa mpishi humvuta mkia. Darasa lilicheka mpaka Mbelgiji mwenyewe akageukia ukutani. Pale sikulia. Nililia baadaye nyuma ya ghala.

Nilimfikiria baba. Baba ni mwindaji, na hakutaka nije huku. Alibishana na mama msimu mzima, kisha siku moja akachukua mkuki wake, akanisindikiza kwa miguu kupitia msituni hadi kwenye barabara ya malori. Kabla sijapanda alisema, "Uende, mutoto wangu. Lakini usinirudilie na kazi nusu." Halafu akageuka, wala hakungoja lori liondoke.

Kwa hiyo leo asubuhi, wengine wakiwa wamejikunyata bwenini kwa sababu ya mvua, nilienda zizini peke yangu kujaribu tena. Nilijiandaa kama baba alivyonifundisha. Nilivua viatu. Nilijisugua majani mikononi na shingoni ili nisinuke. Nilikuja kwa nyuma, taratibu, bila kukohoa, hata pumzi naibana. Nilikuwa nimefika karibu kabisa Bihogo aliposhtuka, akavuta kamba mpaka nguzo ya zizi ikalia.

Mtu akaanza kucheka mlangoni. Alikuwa Anselme, mwenzangu wa darasa kutoka Muheto, na mikononi ana mzigo wa nyasi. Kitanda chake kiko jirani na changu, lakini tangu mwaka uanze sijawahi kumwambia zaidi ya "Jambo." Nilikuwa tayari kukasirika, ila alinitazama kwa mshangao zaidi kuliko dharau.

"Kaka, unamukuyia kama chui," akasema. "Huyu haiko nyama ya pori. Umuite jina toka kule mbali, uongee, akusikie. Ile kunyamaza yako njo inamuogopesha."

Akaweka nyasi chini, akaongeza bila ubaya, "Na sisi vilevile mu dortwari. Unaingiaka kimya-kimya, tunazania unatusikilizaka."

Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa, na hicho ndicho kilichoniharibia. Na bwenini je? Wiki ya kwanza Kirega, lugha ya kwetu, kilinitoka mdomoni bila kufikiri, wakacheka, na tangu siku ile napita kati yao kama ninayevizia nyama. Sikujua kwamba wao nao walikuwa wananiogopa.

Nilinawa yale majani kwa maji ya mvua, nikarudi mlangoni, nikaanza upya. Lakini ng'ombe unamwambia nini? Kifaransa ndiyo usiseme, na Kiswahili chenyewe kilinikaukia. Nikajisikia naongea Kirega. Nikamwita jina. Nikamweleza habari za mama, za mto wetu unapofurika, za mbwa wa baba anayevaa kengele ya mti shingoni akiingia porini. Bihogo akageuza sikio. Akaninusa mkono. Anselme akamleta ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akamvuta pembeni, akaniachia nafasi.

Maziwa yalitoka.

Si mengi, yalifunika kitako cha ndoo tu, na vidole vilikufa ganzi. Anselme akataka kujua nilikuwa namsimulia nini. Nikamtafsiria habari ya mbwa, akacheka tena, safari hii tukacheka wote wawili.

Mchana nilirudi nikajaribu kwa Kiswahili. Sauti ilitetemeka, Bihogo akaanza kuhamisha miguu, nikaacha. Basi najua Jumatatu itakavyokuwa. Itabidi niseme Kirega kwa sauti, mbele ya walewale waliokicheka, na Mbelgiji amesimama hapo.

Lakini nimeshaamua. Leo, kengele ya chakula ikilia, nitaingia chumba cha kulia na salamu ya kusikika hadi meza ya mwisho. Hayo yatakuwa mazoezi. Jumatatu nitasimama kwenye mlango wa zizi, nimwite Bihogo jina lake toka mbali, nimsimulie tena habari ya mbwa wa baba tangu mwanzo.

Wacheke. Bihogo hacheki, na maziwa anayo yeye.