Kifaransa cha Wiki Mbili

Bangwe, 5 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Sikupigi simu kwa sababu simu yako hupokelewa na jirani yako Samson, na hili si la majirani.

Mabaharia wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wameniletea barua ya Kifaransa. Nimetambua neno moja tu: Selestini. Mama, jina la kaka! Nimpe Ndayikeza, jirani yangu Mrundi, anisomee?

Mwanao,
Leonia

Kalinzi, 8 Machi

Mwanangu Leonia,

Marahaba. Miguu ni ile ile, namshukuru Mungu.

Usimpe mtu! Boti ya kaka yako ilizama miaka miwili iliyopita, mwili haukupatikana, tukazika mgomba na shati lake. Tukalia, tukaanua matanga. Winfrida mkewe ameolewa Kidahwe, ana mtoto. Ikisikika tulimzika mtu hai, itakuwaje? Jifunze Kifaransa mwenyewe. Ulikwenda shule na Kiha kitupu ukarudi na Kiswahili. Ubongo wako haujaoza.

Ila fanya haraka. Tangu barua yako ifike, kila jioni kuna mtu anasimama nje ya mlango. Mbwa hambwekei. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

Bangwe, 22 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimekonda kwa Kifaransa! Nilinunua kitabu chakavu cha sekondari sokoni, nikabandika majina kwenye sufuria, ndoo, hata kitanda. Naosha vyombo huku najisalimia na kujijibu, wanangu wanadhani nimepagawa. Barua nimeisoma mstari mmoja kwa siku.

Selestini yu hai, Mama. Aliyeandika ni mtawa, Sista Agnesi, mgeni asiyejua Kiswahili, anayeuguza wagonjwa. Wavuvi wa huko walimwokoa kaka. Baadaye wafanyabiashara wakamwambia kwao ameshazikwa, naye akaogopa kurudi. Sasa anaumwa kifua, na anakutaja wewe. Kesho boti inarudi Kalemie, naenda kumleta.

Mwanao,
Leonia

Kalinzi, 29 Machi

Leonia mwanangu,

Hamjambo? Mbona hukuniambia mmefika?

Aliyekwisha kuliliwa hapiti mlangoni, ndivyo wazee wetu walivyotufundisha, kwa hiyo nilitoboa ukuta wa nyuma nikawa nakaa hapo kumngoja. Jana Jumanne, jua likizama, akaingia. Nikamsalimia kwa Kiha, akatabasamu. Sikumuuliza kitu, furaha ilinizidi. Nikamwekea ugali na dagaa. Asubuhi chakula kiko vile vile na yeye hayupo. Amekuja kwako? Mwambie sijakasirika.

Mama yako

Kalemie, 29 Machi

Mama,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini, na umwite Samson akae karibu nawe.

Ijumaa nilimkuta kaka yu hai, amebaki mifupa. Aliponisikia nikizungumza na Sista alicheka mpaka akakohoa: "Leonia, lini umekuwa Mzungu?" Nikamwambia unamngoja, na hakuna atakayemfukuza. Alilia sana, kisha akaomba nimnyoe ndevu usije ukamsahau sura. Nikamnyoa.

Jana jioni nilitoka kuchota maji. Niliporudi, Sista alinishika mikono mlangoni, akanieleza taratibu, akichagua maneno mepesi ili nisipate shida. Hakuhitaji kurudia, Mama. Nilielewa kila neno.

Mwanao,
Leonia