Uji wa Mfiwa

Kirumba,
Mwanza.
17 Juni, 1973

Mpendwa Mjomba Kahigwa,

Shikamoo. Hamjambo huko Bukoba? Mguu wako umepona, au bado unakusumbua ukipanda kilima? Sisi wazima wa mwili. Nivumilie mwandiko, maana kwa hasira niliyonayo kalamu inatoboa karatasi.

Nakuandikia kumshitaki dada yako, mama yangu mzazi.

Mzee Kaetano, yule Mgoa, Mhindi Mkatoliki mwenzetu, fundi cherehani, amefariki. Unamkumbuka: zamani, viti vya mbele kanisani vilipokuwa vya Wazungu na Wagoa, yeye na mkewe Filomena walihamia nyuma kwetu bila kuombwa. Wenzake wakamsusa. Mama alipounda kamati ya haki ya parokia ili viti vile viondolewe, Kaetano alishika benchi upande mmoja, mama upande wa pili, wakalitoa nje.

Basi kamati hiyohiyo, mama akiwa mwenyekiti, imekataa kwenda msibani. Eti Wahindi wana watu wao. Watu gani, mjomba? Wagoa karibu wote wameshahama. Eti wametunyonya madukani. Kaetano hakuwa na duka hata la chumvi! Alikuwa na cherehani moja, tena barazani kwa mtu. Kila mkutano tunaapa kwamba binadamu wote ni ndugu zetu, kumbe ni maneno ya mdomoni tu.

Asubuhi ya maziko hapakuwa na kaburi. Mimi na jirani yetu Tereza tukajifunga khanga, tukabeba majembe hadi makaburini. Ndiyo, wanawake! Ardhi ya huku unaijua, kila ukipiga ni jiwe. Katekista Malimi akaja mbio, akaninyang'anya jembe: "Bernadetta, unatutakia laana?" Nikamwambia laana imeshaingia, wewe chimba. Aibu ikawatoa wanaume majumbani, wakachimba. Mama hakufika.

Niliporudi alinifokea kwamba nimemvua nguo mbele ya parokia nzima. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Leo nimeshinda tena matangani. Filomena akaniuliza mbona hamwoni mama, au anaumwa? Nilishindwa kumwambia ukweli, nikaitikia kwamba anaumwa. Masikini, mama wa watu akainuka mkekani na ufiwa wake, akakoroga uji, akautia kwenye bakuli lenye kifuniko nimpelekee mgonjwa.

Nimeuweka mbele ya mama na kumwambia umetoka kwa nani. Amekaa hapa mezani ninapoandika. Hajaunywa wala hajaumwaga, na umeshapoa.

Mwandikie, mjomba, wewe kaka yake anakusikia. Mimi usinitume kuomba radhi, siombi.

Tangu utoto mama alinifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Basi bakuli hili sitalirudisha mimi. Atalipeleka yeye, kwa mikono yake iliyobeba lile benchi.

Nisalimie mkaza mjomba Kemilembe na binamu Longino. Mungu awalinde, kahawa izae vizuri.

Mpwa wako akupendaye, hata akiwa na hasira,

Bernadetta