Mkate Wako Umepata Cheti

Ruwi, Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na mguu umeunyoosha kama daktari alivyosema, ingawa nakujua, utakuwa umesimama jikoni. Je, uvimbe umepungua? Usingizi unaupata? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, nakula na nalala. Mengine ndiyo haya utakayoyasoma.

Usishangae kuona karatasi. Najua ungependa kusikia sauti yangu, lakini simu ni ya Saida, na kila ninachosema humo husikilizwa na nyumba nzima mpaka jirani. Haya ya leo sitaki Saida ayasikie kabla yako. Ndiyo maana nimempa Mwajuma, yule mwenzangu wa Pongwe anayerudi wiki hii, akukabidhi mkononi pamoja na miwani. Ijaribu kwanza hiyo miwani, ndipo uendelee.

Ujumbe wako kuhusu Saida niliupata. Kwamba mdogo wangu amechoka na uanagenzi wa serikali. Kwamba tangu wampeleke pale hotelini kujifunza upishi kazi yake ni kumenya vitunguu na kusugua masufuria, na jiko hajaligusa. Kwamba anataka kuacha, na unaniomba nimtafutie viza aje huku tupike wote. Ukamalizia, "Wewe ulikwenda huna cheti chochote na leo unatutunza." Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi, mama, na kila mara nashindwa kujibu. Jibu lake ni refu, na linaanzia kwenye mkate wako.

Kazi yangu unaijua. Jiko letu liko nyuma ya kituo cha mabasi, tunapika vyakula vya kuagizwa. Wateja wengi ni Waomani wenye asili ya Unguja, watu wa maofisini kule Al Khuwair, wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao na wakiona mkate wa kumimina wanawataja bibi zao. Sambusa wananunua, vileja wananunua, lakini kilichoniweka hapa miaka yote hii ni mkate ule ulionifundisha wewe. Arbabu, ndivyo tunavyomwita mwenye kazi, hajui neno moja la Kiswahili, ila anajua foleni ya Ramadhani inafuata nini.

Sasa serikali ya huku nayo ina vijana waliomaliza masomo na kukaa tu nyumbani, sawasawa na ya kwetu. Imeamua waingie kazini kwa njia ya mafunzo. Wenye kampuni wanahimizwa wachukue mwanagenzi mzalendo, serikali inachangia posho yake, na akifaulu anapewa cheti na kazi inakuwa yake. Siwalaumu. Nchi ni yao na watoto ni wao, na ningekuwa mimi ndiye serikali ningefanya hivyo hivyo. Shida ni kwamba kazi yenyewe huwa tayari ina mtu, na safari hii mtu huyo ni mimi.

Aliyeletwa kwetu anaitwa Ibtisam. Amesomea uhasibu, kwao Al Amerat, ng'ambo ya milima, na kaka yake humleta kwa gari kila asubuhi. Siku ya kwanza alikuja jikoni na viatu vyeupe. Nikasema moyoni, huyu hafiki Ijumaa. Arbabu akaniita pembeni, akanieleza kwa Kiarabu cha kukatakata ili nielewe, kwamba nitakayemfundisha ni mimi kwa sababu mimi na yeye tuna lugha moja. Kiswahili kile kile kilichonipa kazi, mama! Nikamuuliza, akishajua, mimi je? Akasema, "Inshallah kheri." Huku hilo ndilo jibu la mtu ambaye jibu analo ila hataki kulitoa.

Nilinuna, sikufichi. Nilimpa gunia la vitunguu amenye, kama wanavyomfanyia Saida, na roho yangu ikaona raha. Alimenya vyote, machozi yanamtoka, mashavu yamejaa wanja, asilalamike. Alipomaliza akajipangusa kwa mkono wa baibui akaniuliza, "Na vyengine vipo, da Mwana?" Nikaona haya kidogo, lakini nikamwambia vipo.

Halafu siku moja akaja bibi yake, Bibi Zuwena. Aliondoka Unguja akiwa binti mdogo na hajarudi tena. Akakaa kwenye kistuli cha plastiki mlangoni kwetu nyuma, kavaa dhahabu yake, anahema.

"Khabari za Tanga, mwanangu?" akaniuliza. "Mie nnakuja na ombi. Mkono wangu ndo huu, watetemeka, kikaango siwezi tena kukishika. Mama yake huyu hakutaka kujifunza, yeye alitaka ofisi. Basi mtoto nnakukabidhi. Mfunze khasa, usimfiche kitu."

"Bibi," nikamwambia, "nikimfundisha hasa, mimi nitakula wapi?"

Akanitazama. Nadhani hakuna aliyewahi kumjibu hivyo mlangoni kwake wala kwa mtu mwingine. "Wallahi hilo sikulifikiri," akasema. Nikamkatia kipande cha mkate, akala polepole mpaka chembe za mwisho kiganjani, kisha dereva akaja kumchukua.

Basi nikamfundisha. Kuloweka mchele, kuusaga na tui zito, iliki, hamira. Nikamwonyesha kwamba joto la huku likipamba moto uji wa mkate unaumuka kabla hujageuka, na kiyoyozi kikizidi unalala usingizi. Hayo aliyashika upesi kuliko nilivyotaka. Kilichomshinda ni kugeuza. Wewe unajua: matundu yakishafunguka juu ya mkate, ndipo unakigeuza kikaango juu chini, uso wa mkate utazame makaa upate rangi. Ukiwahi, uji unamwagika motoni. Ukichelewa, chini umeungua na juu haushiki rangi tena.

Unakumbuka wewe ulikuwa ukisema "Haya!" pale pale unapogeuza? Ulikuwa unajisemea tu, hata hukujua kama unasema. Nami nimeurithi mdomo huo. Nilikuwa nasimama nyuma ya Ibtisam, nasema "Haya!", naye anageuza, mkate unatoka unapendeza, tunacheka, tunamwita arbabu aje kuonja. Wiki zikaenda hivyo. Sikutambua kwamba namfundisha masikio, macho simfundishi. Mimi mwenyewe hukunifundisha kwa "haya". Nilijua siku ile ulipolala na homa, nikasimama jikoni peke yangu na watu wanasubiri mikate nje, nikaungua hapa kwenye kifundo cha mkono. Alama bado ipo.

Mwezi uliopita akaja mkaguzi wa mafunzo kumpima. Muomani mpole, ana kalamu yake, Kiswahili hakijui. Akapewa kiti. Arbabu akasimama mlangoni. Mimi nikaambiwa nikae kando ya sinki, nioshe vyombo kama nataka, ila nisimsaidie wala nisimwelekeze. Ibtisam alifanya kila kitu vizuri. Uji uliumuka kama wako. Akamimina, akafunika, akafunua, matundu yakaanza kufunguka. Akashika mpini wa kikaango.

Akasimama. Nikaona shingo yake inanigeukia kidogo tu, si sana, kama mtu anayetega sikio. Ndipo nikajua. Mtoto alikuwa anasubiri sauti yangu.

Mama, nitakueleza kilichopita kichwani mwangu, uniwie radhi. Niliona nikinyamaza mkate utaungua, ataandikiwa ameshindwa, na mimi nitabaki. Nikaona dawa zako. Nikaona bati la chumba chako. Na hakuna ambaye angenilaumu, kwani mdomo niliamriwa niufunge! Basi niliufunga. Nilishika sufuria moja nikawa naisugua pale pale. Matundu yakafunguka yote, yakaanza kukauka, na harufu ikanijia, ile harufu ya mwanzo kabisa ya mchele unaoanza kushika chini, ambayo wewe ukiipata hata ukiwa uani unakuja mbio.

"Haya!"

Ilitoka kubwa, mpaka mkaguzi akainua uso. Ibtisam alikuwa ameshageuza. Mkaguzi akanitazama, akaangalia sufuria mkononi mwangu, akarudi kwenye karatasi yake. Mkate ukashuka na rangi ya kahawia kila upande. Alikula vipande viwili, akaomba cha kupeleka nyumbani.

Usinisifu kwa hilo, maana najua utataka kunisifu. Haukuwa wema. Ningepewa nafasi ya kuamua nadhani ningenyamaza mpaka mwisho. Nilishindwa tu kuusikia ukiungua.

Cheti kimekuja, kimetiwa fremu, kiko ukutani pale wateja wanapolipia. Mkate wako umepata cheti cha serikali ya Oman, mama. Kina muhuri, kina sahihi, kina jina la Ibtisam na la baba yake na la babu yake na la kabila lao. Lako halimo. Langu halimo. Nikipita pale nainamisha kichwa najifanya natafuta kitu sakafuni.

Baada ya hapo arbabu akaniita. Kibali changu cha kazi kinaisha na hataongeza kingine. Alizungumza kwa upole, akaniletea hata soda. Nitakaa Ramadhani yote kwa sababu oda ni nyingi na msichana hajazoea, kisha tiketi ya kurudi nyumbani baada ya Idi. Nikamuuliza kama naweza kuhamia kwa mwingine. Akasema Inshallah kheri.

Ibtisam aliposikia alilia kuliko siku ya vitunguu. "Wallahi, da Mwana, mie nilidhani tutakaa sote wawili. Hapana aloniambia." Namwamini. Hana kosa, na hilo ndilo linaloniuma, ningepata wa kumchukia ningelala vizuri zaidi. Tangu siku ile sisemi tena "haya". Nasimama nyuma yake kimya. Ameunguza mikate, arbabu amepiga kelele, yeye ananigeukia na macho yamejaa, na mimi namwambia tazama kikaango, usinitazame mimi. Sasa ameanza kuona mwenyewe. Juzi aligeuza wakati ule ule ambao ningegeuza mimi, nikatoka nje kwenye jua nikakaa kwenye kreti la soda mpaka moyo ukatulia.

Kwa hiyo viza ya Saida sina. Nafasi ya kupika hapa ni moja tu, hii yangu, na imeshajazwa. Angekuja, angekuja kuwa mtumishi wa ndani tu kwa watu nisiowajua, na hayo Mwajuma atakusimulia mwenyewe, mwulize kwa nini anarudi kabla ya wakati. Nenda naye taratibu Saida, lakini asiache. Mwambie vitunguu avimenye, ila amenyee pale anapoweza kumwona mpishi. Ajue mafuta yanapigaje kelele yakiwa tayari. Asingoje mtu amwambie haya. Na akae mpaka wampe hicho cheti chenye jina lake, hata kama ni cha kumenya vitunguu. Mimi kumenya najua, kupika najua, kufundisha sasa najua, na sina karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu.

Naogopa, mama. Nimeona bora nikuambie hivyo hivyo. Naogopa kuja kukaa hapo barazani watu wananiuliza nimerudi na nini. Naogopa kuingia kwenye hoteli kuomba kazi, waniulize nimesomea wapi, niwaambie kwa mama yangu. Usilie mbele ya Saida. Ukitaka kulia, lia sasa kabla hajarudi kazini.

Nisalimie mjomba Hatibu, fundi wetu wa majiko ya mkaa, mwambie mkono wa Ibtisam umeungua pale pale ulipoungua wangu, atacheka. Nisalimie shangazi Mwanahawa, mwambie kanga zake nimezipata ila nitakuja nazo mwenyewe, asimsumbue Mwajuma. Msalimie mke wa kaka na ujauzito wake, Mungu amfungue salama. Na huyo jirani anayesikiliza ujumbe wangu ukutani, naye mpe salamu, leo amekosa.

Bado jambo moja, nimeliacha mwisho kwa sababu naona aibu kuliandika. Saida akirudi jioni, mkiwa mnakula, mwulize kwa mbali kama unauliza kwa ajili ya mtoto wa jirani. Usimtajie jina langu. Mwulize hivi: huo uanagenzi wao wanaochukua vijana, kijana kwao ni mpaka umri gani?

Wako uliyenifundisha,
Mwanaidi